Sinema ya Afya katika Mitaa ya Bermondsey

Bermondsey iko kusini mwa mto Thames, jijini London. Karne ya 20 ilipoanza, ulikuwa mtaa wa makuli wa bandarini, wa viwanda vya ngozi, biskuti na jemu, na wa nyumba zilizobanana hata jua likakosa pa kupenya. Daktari Alfred Salter alianza kutibu watu huko mwaka 1900, na asiye na kitu hakumdai. Yeye na mkewe, Ada, waliishi mlemle walimokuwa wagonjwa wao. Mwaka 1910 homa ya skaleti ikamchukua mtoto wao wa pekee, Joyce, akiwa na miaka 8. Hawakuhama.

Msiba wa namna hiyo majirani zao waliujua vyema. Mwaka 1900, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Uingereza na Wales, takriban 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 1918 ikatungwa sheria iliyoziruhusu halmashauri kufungua kliniki za wajawazito na watoto na kuajiri wauguzi wa kutembelea nyumba, serikali kuu ikichangia nusu ya gharama. Kila kamati ya kazi hiyo ilitakiwa iwe na wanawake wasiopungua wawili. Sehemu kubwa ya huduma hizo, hata hivyo, sheria iliziruhusu tu, haikuzilazimisha. Mambo mengi yalitegemea nani ameshika halmashauri.

Bermondsey ilishikwa na chama cha Labour mwaka 1922, na Ada akawa meya, mwanamke wa kwanza kupata cheo hicho London. Alikataa joho na mkufu wa umeya. Miti ikapandwa mitaani, na nyumba mbovu zikaanza kubomolewa ili zijengwe nyingine. Mwaka 1926 halmashauri ilifungua kituo cha kutibu kwa mwanga wa taa maalumu, maana watoto waliokosa jua walipata matege na wengi walisumbuliwa na kifua kikuu.

Jambo ninalolistahi kuliko yote ni sinema. Mganga mkuu wa halmashauri, Dk. Connan, na wenzake hawakungoja mama aliyeshinda kiwandani aje kusikiliza mhadhara. Walipiga filamu zao wenyewe, wakaziingiza kwenye gari lenye skrini nyuma yake, wakaenda kuegesha mtaani. Filamu zilikuwa bila sauti, kwa hiyo mtumishi wa afya alisimama kando akieleza, na watu wakamuuliza maswali papo hapo. Mwaka 1930 ilitoka moja juu ya huduma za mama na mtoto zenyewe. Mwanamke akaiona kliniki, na mtoto akipimwa uzito, kabla hajaukanyaga mlango wake.

Mwaka huo vifo vya watoto wachanga nchini vilikuwa vimeshuka hadi 60 hivi kwa kila 1,000. Kwa mama zao haikuwa hivyo. Katika kila uzazi 1,000, zaidi ya wanawake 4 waliendelea kufa, kama miaka ya nyuma, wengi kwa homa ya uzazi, na mizani ya kliniki haikuwa na la kuwafanyia. Ahueni ilianza katikati ya miaka ya 1930, dawa za salfa zilipofika wodini. Mwaka 1936 sheria nyingine ikaagiza wapatikane wakunga wenye mafunzo na mshahara wa kudumu, ili mkunga asiishi tena kwa kutegemea ada ya mzazi mmoja mmoja.