Presi, Jeki na Shinikizo: Historia ya Kifaa na Majina Yake

Mwenye gari anayetaka kubadili beringi za magurudumu nyumbani kwake hufika mahali ambapo nyundo haifai tena. Huhitaji kifaa cha kusukuma chuma kwa nguvu nyingi na kwa utaratibu. Katika gereji kifaa hicho huitwa presi. Mfasiri wa kijitabu chake cha maelezo, hata hivyo, hukabiliwa na maneno matatu: presi, jeki na shinikizo. Akiyachanganya, humpotosha mnunuzi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza kwa ufupi historia ya kifaa hiki, kisha tutoe pendekezo.

Msingi wake uliwekwa na Blaise Pascal wa Ufaransa, ambaye maandishi yake juu ya msawazo wa vimiminika yalichapishwa mwaka 1663, baada ya kufa kwake. Alieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, kanieneo huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya mashine iliyotumia kanuni hiyo. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimita mraba 1, na kubwa ina 50. Uzito wa kilo 20 juu ya ile ndogo utainua kilo 1,000 juu ya ile kubwa, tukiacha hesabu ya msuguano. Kanieneo ni ile ile kotekote. Kilichozidi ni kani. Badala yake, pistoni ndogo hushuka sentimita 50 ili kubwa ipande sentimita 1.

Mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York alipata hataza ya jeki ya haidroliki, yaani mtambo wa Bramah uliofanywa mdogo hata ukabebeka. Presi nyingi za nyumbani leo ni fremu ya chuma iliyowekwa jeki ya namna hiyo. Basi jeki ni sehemu, presi ni kitu kizima.

Shinikizo ni neno la zamani zaidi katika lugha yetu. Katika pwani lilitaja kinu cha kukamulia mafuta au miwa, na kwa asili yake lingeifaa mashine hii. Lakini hospitalini shinikizo la damu limekwisha kukaa vinywani mwa watu, na si busara kulitwika neno moja mizigo miwili.

Hasara ya kuchanganya si ya maneno tu. Presi iliyoandikwa tani 20 imetajwa kwa kani yake. Geji iliyofungwa juu yake huweza kuonyesha kanieneo ya mafuta, nayo ni hesabu nyingine. Mfasiri akiandika “shinikizo” mahali pote pawili, mnunuzi atalinganisha visivyolingana, naye huenda akaweka jeki kubwa katika fremu isiyoweza kuistahimili. Mwaka 1849, katika ujenzi wa daraja la Britannia huko Wales, silinda ya presi moja ilipasuka ikiwa inainua bomba kubwa la chuma. Bomba lilishuka inchi chache tu, kwa sababu mhandisi Robert Stephenson alikuwa ameagiza lijengewe egemeo chini yake kadiri lilivyopanda. Nyumbani fundi hana egemeo la namna hiyo. Kinga yake ya kwanza ni maelezo yanayoeleweka.

Kwa hiyo tunapendekeza presi ya karakana iwe jina la kifaa kizima, na jeki iwe sehemu inayosukuma. Uwezo wa presi na wa fremu utajwe kwa kani, na usomaji wa geji utajwe kwa kanieneo. Shinikizo tuwaachie waganga. Walimu wa ufundi na wafasiri wakiyashika maneno haya kwa namna moja, mnunuzi atajua anachokilipia, na fundi atajua mahali pa kukomea.