Gari la Mjomba: Historia Fupi ya Msamaha wa Ushuru kwa Anayehamia Bujumbura

Nyumbani kwetu Bwiza, juu ya kabati la mama, kuna bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani yake mna karatasi za gari ambalo halipo tena kwetu: risiti ya muuzaji wa Japani, hati ya meli iliyoshusha Dar es Salaam, karatasi za mpakani Kobero, na barua moja fupi ya kukataliwa. Gari lilikuwa la mjomba wangu. Mhadhiri wetu alipotutaka tuandike insha ya historia kwa kutumia nyaraka tulizo nazo nyumbani, wenzangu walikwenda kutafuta barua za babu zao. Mimi nilikumbuka bahasha hiyo.

Mjomba aliishi Ubelgiji miaka 14. Alirudi Februari 2013, wiki chache baada ya Soko Kuu la Bujumbura kuungua, akasema safari hii amerudi kukaa. Alikuwa amesikia kwamba mtu anayehamia nchini huingiza gari lake bila kulipa dwane, kama tunavyoiita forodha huku kwetu. Alichosikia kilikuwa kweli, lakini kweli hiyo ilikuwa na masharti, na masharti hayo yana historia ndefu kuliko gari lenyewe.

Watu wa Bwiza na Buyenzi hawakuanza leo kuzungumza habari za ushuru. Mji huu, wakati huo ukiitwa Usumbura, ulikuwa mwisho wa njia ndefu: meli hadi Dar es Salaam, reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha ziwa. Wabelgiji walipokabidhiwa Ruanda-Urundi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, bandari ilibaki mikononi mwa Waingereza. Tarehe 15 Machi 1921 serikali hizo mbili zikatia saini mkataba uliowapa Wabelgiji viwanja Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila ukomo wa muda. Viwanja hivyo vilijulikana kwa jina la Belbase. Mzigo wa Usumbura ulipita Tanganyika bila kutozwa ushuru wa Tanganyika.

Naomba msomaji aishike hoja iliyokuwa nyuma ya mkataba huo, kwa sababu ndiyo tutakayoikuta tena. Ushuru wa forodha hutozwa kitu kinachoingia katika biashara ya nchi. Kitu kinachopita tu hakijaingia. Na mali ya mtu anayehama, vitanda vyake, sufuria zake, vitabu vyake, haikuja kuuzwa, imemfuata mwenyewe. Msamaha, kwa hiyo, haukuanza kama zawadi. Ulianza kama swali: je, kitu hiki ni bidhaa au ni sehemu ya maisha ya mtu?

Belbase zenyewe hazikuwa na maisha marefu ya amani. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Nyerere alieleza bungeni kwamba Waingereza, ambao mamlaka yao katika nchi hiyo yalikuwa ya muda, hawakuweza kumpa mtu mwingine haki ya milele juu ya ardhi yake. Burundi nayo ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ikawa Bujumbura, na mzigo ukaendelea kupita njia ile ile.

Katika miaka hiyo hiyo dunia ilikuwa inaandika upya sheria za wageni wenye vyeo. Mkataba wa kinga za Umoja wa Mataifa wa mwaka 1946 uliwapa maofisa wake haki ya kuingiza samani na vitu vyao bila ushuru wanapokwenda kushika kazi kwa mara ya kwanza katika nchi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mabalozi, katika kifungu cha 36, ulisamehe vitu vya matumizi binafsi ya mwanadiplomasia na familia yake. Watumishi wa ofisi na mafundi wa ubalozi, kwa kifungu cha 37, walipewa msamaha kwa vile wanavyoingiza wanapoanza tu kukaa. Nimevisoma vifungu hivyo mara mbili nikitafuta neno "gari". Halimo. Kuna samani na vitu. Ni mazoea ya nchi na mapatano yao yaliyoliweka gari pamoja na kabati na godoro.

Kwa mtoto wa Bwiza, mikataba hiyo haikuwa maandishi. Ilikuwa namba za magari. Tulikua tukijua kwamba CD ni ubalozi, na IT ni watu wa mashirika. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, ONUB, kilichoanza kazi Juni 2004 kikiwa na ruhusa ya hadi askari 5,650, kilijaza mji magari meupe mpaka mwisho wa 2006. Wakubwa wetu walihitimisha kutokana na macho yao: msamaha wa dwane ni wa wazungu na wa wakubwa. Mimi pia niliamini hivyo mpaka nilipoanza kuandika insha hii.

Sheria inasema vingine. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kuanzia Julai 2009 ikawa ndani ya umoja wa forodha. Hapo ikaanza kufuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Katika jedwali lake la tano, sehemu inayohusu mizigo ya abiria, anatajwa mtu anayehamisha makazi yake kwa kweli. Huyo anaruhusiwa nguo, vyombo vya nyumbani, na gari moja. Gari moja, limeandikwa waziwazi. Lisiwe basi la abiria zaidi ya 13 wala la mizigo ya zaidi ya tani mbili. Mwenyewe awe ametimiza miaka 18. Liingizwe ndani ya siku 90 tangu kufika, au muda zaidi akikubali kamishna, usiozidi siku 360. Na sharti lililomwangusha mjomba: awe amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe, nje ya nchi wanachama, kwa miezi isiyopungua 12, siku za melini zisihesabiwe.

Pasipoti haikuulizwa pale. Rangi haikuulizwa. Kinachoulizwa ni umeishi wapi, na umekaa na gari hilo muda gani. Ni hoja ile ile ya zamani: gari ulilolitumia mwaka mzima ni sehemu ya maisha yako, gari ulilolinunua juzi ni bidhaa.

Sasa tazama alivyofanya mjomba. Ubelgiji alikuwa na gari lake, Corolla, kwa jina lake, miaka mitano. Usukani kushoto, kama inavyofaa Burundi tunakoendesha kulia. Akaliuza. Aliona aibu kurudi nyumbani na gari kuukuu. Alisema jirani wangemwuliza miaka 14 alikuwa anafanya nini. Kwa fedha hizo na nyingine alizokopa akanunua RAV4 kutoka Japani, usukani kulia, gari ambalo hakuwahi kuligusa mpaka lilipofika. Gari lile la aibu lingepita bila ushuru. Hili la fahari lilitozwa kama la mfanyabiashara yeyote.

Hesabu imo kwenye bahasha. Thamani iliyokubaliwa ilikuwa dola 6,000. Ushuru wa asilimia 25 wa Jumuiya ni 1,500. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, hupigwa juu ya jumla ya vyote viwili, yaani 7,500, nayo ni 1,350. Jumla 2,850, bila tozo ndogo ndogo. Mama aliuza kiwanja chetu cha nje ya mji ili gari litoke. Kiwanja hicho kilikuwa cha kunisomesha mimi.

Nikimwuliza mama nani alaumiwe, hutaja ofisi. Mjomba mwenyewe hutaja rafiki aliyempa habari nusu. Mimi naona jambo jingine. Mfanyakazi wa shirika kubwa hafiki mpakani peke yake. Mwajiri wake anaye mtu wa kujaza fomu, anayejua siku 90 zinaanza kuhesabiwa lini. Mwananchi anayerudi hana mtu huyo. Sheria imewaweka mlango mmoja, lakini mmoja amekuja na mwenye ufunguo. Ndiyo maana macho ya Bwiza hayakukosea kabisa.

Wazee wa Buyenzi wanaotengeneza magari walinieleza sehemu ambayo haimo kwenye bahasha. Mgeni akiondoka huuza gari, na swali la kwanza la mnunuzi ni kama limelipiwa dwane. Sheria ya Jumuiya inataka ushuru ulipwe gari lililosamehewa likipelekwa kwa asiye na msamaha. Kwa hiyo bei huwa mbili, ya gari na ya gari pamoja na dwane, na mnunuzi asiyeuliza hununua deni la mtu mwingine. Mzee mmoja aliniambia, akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana: "Mwanangu, huku kwetu gari lina baba wawili, aliyelinunua na serikali."

Wazee hao hao ni wajukuu wa watu waliotoka Ujiji na ng'ambo ya ziwa kuja kukaa Usumbura. Nao walihamisha makazi. Walifika na walichobeba kichwani, na hakuna jedwali lililowataja.

RAV4 ilikaa kwetu miaka miwili. Mwaka 2015 mambo ya nchi yalipoharibika, mjomba alihama tena, usiku, kwa basi la kwenda Kobero, akiwa na begi moja. Gari liliachwa uani. Mama aliliuza mwaka uliofuata kwa mtu wa Ngozi, na kwa kuwa lilikuwa limelipiwa dwane lilinunuliwa siku ile ile, bila maswali. Fedha hizo zililipa mwaka wangu wa kwanza chuoni. Mjomba sasa yuko Dodoma. Mwezi uliopita alinipigia simu kuuliza kama ile miezi 12 huhesabiwa hata kwa gari la mtu anayetoka Tanzania. Nilimwambia sheria inasema nje ya nchi wanachama. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsomee sharti hilo tena, polepole, aliandike.