Ni Nani Aliyekuwa Likizoni?

Sisi tukaao Mkomani twaijua sana Jumatatu. Tembo la mnazi la Jumapili halimwachi mtu mapema. Fundi aliyeahidi kuja saa moja haonekani, na mkewe ameshatoka kwenda kufua nguo za watu katika majumba ya Nyali. Leo twataka kuitazama habari hii kwa jirani zetu wa Tanzania, maana wao waliiandika katika azimio la taifa zima.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wengi hukumbuka mabenki yaliyotaifishwa. Wachache hukumbuka hesabu ya saa iliyomo. Mfanyakazi wa mshahara, lilisema, hufanya kazi kama saa 45 kwa juma. Wanawake wa vijijini hufikia saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Na wanaume wa huko? Nusu ya maisha yao wako likizoni, nguvu zao zikipotea katika maongezi, ngoma na pombe. Si kila chama kinachotawala huthubutu kuwaambia watu wake hivyo, nasi twakiheshimu kwa hilo.

Lakini mwezi ule ule serikali ilitwaa hisa za kampuni ya bia, Tanzania Breweries. Basi aliyemkemea mnywaji ndiye aliyemuuzia chupa, na kodi ya bia ikawa nguzo mojawapo ya hazina. Mwaka 1993 nusu ya kampuni iliuzwa kwa kampuni ya Afrika Kusini.

Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Dar es Salaam, wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa wakapelekwa vijijini. Mwaka huo huo, huko Urusi, polisi wa Andropov waliingia sinema na maduka mchana kuwasaka watoro wa kazini. Mwaka 1985 Gorbachev akaibana pombe yenyewe: sukari ikaadimika madukani, maana watu walipika pombe majumbani, na hazina ikapungukiwa.

Sheria zote hizo zilimtafuta mwanamume aliyelala. Yule mama wa Mkomani tulipomwuliza yeye angefanya nini, hakutaja polisi. Alisema angependa mumewe alipwe Jumatatu asubuhi, si Jumamosi jioni.