Kutoka Daftari la Uroa hadi Jedwali la Wilaya: Mawasiliano ya Programu za Takwimu za Afya Unguja tangu 2005

Historia ya kompyuta katika huduma za afya Zanzibar ikiandikwa kwa kuhesabu mashine zilizonunuliwa, swali moja husahauliwa: programu moja iliwasilianaje na nyingine? Insha hii inadai kwamba jibu lake ndilo lililoamua nani aliweza kuzisoma takwimu, na nani aliweza kuzisahihisha.

Uroa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, ni mahali panapofaa kuanzia. Takwimu za kituo chake cha afya huanzia katika daftari: mtoto aliyechanjwa, mjamzito aliyehudhuria kliniki. Mwisho wa mwezi hujumlishwa, na jumla hiyo hupelekwa Wilaya ya Kati.

Mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, ilianza kutumia DHIS, mfumo uliozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kwa hakika zilikuwa programu mbili. Hifadhidata ya Microsoft Access ilitunza takwimu. Uchambuzi ulifanywa kwa majedwali ya pivoti ya Excel. Kiungo kilikuwa ODBC, utaratibu uliotolewa na Microsoft mwaka 1992, unaoiwezesha programu moja kuiuliza hifadhidata bila kujua ilivyojengwa ndani. Afisa wa wilaya aliweza kupanga vituo pembeni na miezi juu, akaiona Uroa kando ya Chwaka, pasipo kusubiri ripoti kutoka Mjini. Hilo si jambo dogo, kwani awali miradi ya afya ilikuwa na fomu zake mbalimbali, na kituo kilijaza zote.

Hata hivyo, kiungo kilikuwa cha upande mmoja. Excel ilisoma, haikuandika. Aliyeona kwamba chanjo zimezidi idadi ya watoto, akanakili jedwali na kuirekebisha tarakimu humo, alikuwa ameisahihisha ripoti yake tu. Access ilibaki na kosa lile lile. Jedwali lisipohuishwa lilionyesha hali ya zamani. Faili likihamishwa folda, kiungo kilikatika (na wanaohamisha mafaili, tukiri, ni sisi sote).

Njia ya kurudi ilipatikana nje ya kompyuta. Katika warsha za kila robo mwaka, timu za wilaya ziliwasilisha majedwali yao mbele ya wenzao, zikaulizwa maswali. Tarakimu yenye shaka ilirudishwa kituoni, ikalinganishwa na daftari, kisha ikaingizwa upya katika Access. Kwa maoni yangu, mchango wa warsha hizo kwa usahihi wa takwimu ulikuwa mkubwa kuliko wa programu yenyewe.

Toleo la pili, DHIS2, lililoanza kutolewa mwaka 2006, liliweka hifadhi na uchambuzi pamoja katika mfumo mmoja unaotumiwa kupitia kivinjari. Tarakimu ya Uroa inayotiliwa shaka, hata hivyo, bado huhakikiwa katika daftari.