Vinubi vya Belfast: Sehemu ya Kwanza

Zawadi ya kwanza, gini 10, ilikwenda kwa mtu mwingine. Aliichukua Charles Fanning, aliyezipamba nyimbo za zamani kwa madoido ya kisasa ukumbi ukafurahi. Lakini kijana aliyekaa na kalamu na karatasi hakuwa na habari na Fanning. Macho yake yalikuwa kwenye kucha za mzee Denis Hempson.

Ilikuwa Julai 1792, mjini Belfast, kaskazini mwa Ayalandi. Wapiga vinubi 11 walikuwa wamekusanywa kushindana, kumi wa Ayalandi na mmoja wa Wales. Wengi wao walikuwa vipofu. Mdogo kuliko wote, William Carr, alikuwa na miaka 15. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Rose Mooney. Hempson, mkongwe wao, alisemekana kuwa anaikaribia miaka mia. Ndui ilimpofusha akiwa na miaka mitatu.

Wenzake walipiga kwa ncha za vidole. Yeye alifuga kucha ndefu zilizopinda, akaukamata waya wa shaba kati ya kucha na nyama ya kidole, akauachia, kisha akauzima kwa kidole kingine kabla mlio wake haujauvamia mlio uliofuata. Kila sauti ikatoka peke yake, safi. Hivyo ndivyo walivyopiga mababu zake, na katika ukumbi ule hakuna mwingine aliyebaki na mtindo huo.

Kijana wa kalamu aliitwa Edward Bunting, miaka 19, mpiga kinanda cha kanisani. Aliajiriwa aandike kila wimbo kama ulivyo, asiongeze wala asipunguze. Kazi haikuweza kungoja. Zamani machifu wa Kigaeli waliwalisha na kuwavika wapiga vinubi. Machifu walipopokonywa ardhi na Waingereza, wapiga vinubi wakabaki kutangatanga toka nyumba hadi nyumba wakitafuta mwenyeji. Nyimbo zao zilikaa kichwani na vidoleni. Mzee akifa, zinazikwa naye.

Hempson mwenyewe alikuwa amezunguka Ayalandi na Uskoti na kinubi kilichochongwa mwaka 1702. Mwaka 1745 alipiga mjini Edinburgh mbele ya Charles Edward Stuart, aliyekuja kudai kiti cha ufalme wa Uingereza kwa upanga. Lakini Bunting alipomwomba nyimbo za kale kabisa, mzee alikataa: ni ngumu kujifunza, tena zinamwamshia huzuni. Ilibidi abembelezwe sana. Namheshimu Bunting kwa ule ung'ang'anizi wake. Asingebembeleza, tungekuwa na ya Fanning tu.

Mwaka 1796 akachapisha kitabu cha nyimbo 66. Zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya piano, na maneno ya Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, hayakuwamo. Hapo ndipo roho inaponiuma. Wimbo wa mapenzi au wa maombolezo ukivuliwa maneno yake, msikilizaji atajuaje nani amependwa, nani amekufa?

Bunting aliliona pengo hilo. Tangu utotoni alikuwa akilelewa kama mpangaji katika nyumba ya akina McCracken, watu waliopenda muziki na kuichukia serikali ya Uingereza. Mwaka 1798 Henry Joy McCracken aliwaongoza waasi kuushambulia mji wa Antrim. Wakashindwa. Tarehe 17 Julai akanyongwa mjini Belfast. Dada yake, Mary Ann, alimsindikiza kwa miguu kuelekea kitanzini.

Kazi ya nyimbo haikufa na Henry. Mwaka 1802 Patrick Lynch, mwalimu wa Kigaeli, alitumwa na Bunting magharibi, Connacht, kukusanya maneno. Alitembea kijiji hadi kijiji akiwaimbisha watu na kuandika, mpaka fedha zikamwishia Westport ikabidi aandike barua kuomba nyingine. Pamoja na hayo, karatasi zilijaa. Safari hii nyimbo zingerudishiwa ndimi zao.

Mwaka huohuo, kwenye ngome ya Fort George huko Uskoti, serikali ilimwachilia mfungwa wa kisiasa aliyeitwa Thomas Russell. Alikuwa rafiki mkubwa wa akina McCracken. Kigaeli alifundishwa na Lynch.

Russell hakutulia. Julai 1803 alikwenda kwa siri kaskazini mwa Ayalandi kuwaamsha watu waasi tena. Hawakuamka. Akajificha, akakamatwa Dublin, akapelekwa Downpatrick ashtakiwe kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Mary Ann akatoa fedha za kumlipia wakili.

Upande wa serikali ulihitaji mashahidi wanaomfahamu vizuri mshtakiwa. Askari wakamkamata Lynch.

Tarehe 20 Oktoba 1803 kesi ilisikilizwa. Russell alikuwa kizimbani. Karatasi za nyimbo zilikuwa mikononi mwa watu waliomwombea uhai, na aliyeziandika ndiye aliyetakiwa kumtia hatiani. Likaitwa jina la Patrick Lynch. Akapita mbele. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama anamfahamu mtu yule.

Lynch akamgeukia mwanafunzi wake.

ITAENDELEA WIKI IJAYO