Mshale wa babu: historia fupi ya geji za kuongeza

Nimekuwa kimya hapa kijiweni, si mnajua tena, testi juu ya testi halafu bumu lenyewe limechelewa. Leo nimekaa roomu, mbele yangu mezani ipo geji ya joto la maji. Jamaa yangu wa roomu anauliza kila siku: "We ni mwalimu wa historia au fundi gerezani?" Basi hii ndiyo historia yenyewe.

Geji hii ilikuwa kwenye Land Rover 109 ya babu, Series III, iliyokuwa ikipandisha watu na mizigo kutoka Mwanga kwenda Usangi. Wenye kwenu milimani mnaelewa. Unatoka chini kwenye joto na mikonge, halafu gari inaanza kona juu ya kona mpaka unapokutana na baridi na migomba, na mlima Kindoroko (mita 2,113) umekaa juu yenu. Dereva anapanda na gia ya kwanza na ya pili, injini inafanya kazi sana na upepo wa kupoza rejeta ni kidogo kwa sababu mwendo ni wa konokono. Isitoshe, kadiri unavyopanda maji huchemka mapema. Pwani ni nyuzi 100, lakini kwenye mita 1,500 ni kama 95 tu. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kina springi ya kushikilia presha. Kikilegea kile, kwetu huko lazima utachemsha.

Profesa Isaria Kimambo alituandikia historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, na tulisoma mgomo wa mbiru wa miaka ya 1940 mpaka tukakariri. Ila historia ya magari yaliyotupandisha mlimani bado ipo midomoni mwa wazee. Na kusoma joto si jambo geni upande ule. Jirani zetu wa Ugweno walikuwa na wahunzi wa ukoo wa Shana, waliojulikana kwa chuma chao muda mrefu kabla ya Mjerumani. Mhunzi anaangalia rangi ya chuma kwenye moto, anajua sasa ndiyo wakati wa kugonga. Geji yake ilikuwa jicho.

Dereva hana bahati hiyo, moto wake umefungiwa ndani ya chuma. Cha kushangaza ni kwamba magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na geji karibu yoyote. Zote zilikuwa za kuongeza! Mjerumani Otto Schultze alisajili kipima mwendo chake mwaka 1902. Mwaka uliofuata Uingereza wakatunga sheria ya kutozidi maili 20 kwa saa, basi wenye magari wakaanza kununua vipima mwendo na kujifungia wenyewe, maana polisi walikuwa wamejificha vichakani na saa mkononi (trafiki wetu wana ukoo mrefu, teh teh). Joto nalo lilipimwa nje. Kuanzia miaka ya 1910 Wamarekani walikuwa na Boyce MotoMeter, kipimajoto kinachokaa juu ya kifuniko cha rejeta, dereva anakisoma kupitia kioo cha mbele. Ndani ya geji za presha kuna kitu cha zamani zaidi, bomba bapa lililokunjwa ambalo hujinyoosha presha ikiongezeka. Mfaransa Eugène Bourdon alilisajili mwaka 1849, kwa ajili ya injini za mvuke.

Huku kwetu waliozipa geji sifa ni watu wa mashindano. East African Safari ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa mtu wa Dar es Salaam, Bert Shankland, na Peugeot 404, msomaji ramani wake Chris Rothwell. Katika mashindano ya enzi zile msomaji ramani alifungiwa mbele yake kipima umbali cha Halda kutoka Sweden, maana kipima cha kiwandani hakikutosha kumwambia kona inayofuata ipo wapi. Ukiona kijana leo amejaza saa tano kwenye dashibodi ya Toyota yake ujue anaota zile zama, hata kama anaishia Mwenge.

Babu hakuota chochote. Yeye alitaka asiunguze injini. Geji ya kiwandani kwenye Series III ilikuwa ndogo, yenye herufi tu, na mshale wake husogea polepole. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 spea zilikuwa adimu kama sukari, na silindahedi ikipasuka gari inageuka banda la kuku. Fundi wa Mwanga akamtolea geji kwenye lori bovu. Hii ni ya mrija, haitumii umeme. Kwenye ncha kuna kirisasi kinachoingia kwenye maji ya injini, ndani yake kuna kimiminika. Kikipata joto presha inapanda kwenye mrija mwembamba mpaka kwenye saa, na mshale unasogea. Fundi alitoboa dashibodi, akapitisha mrija kwenye ukuta wa injini na kuuvisha raba ili bati lisiukate. Mrija ule ukikatika umekwisha, hauungwi.

Huyo fundi alimwambia babu mengi, naamini. Moja halikutufikia sisi.

Desemba 2018, nikiwa kidato cha pili, baba mdogo alikuwa anaendesha, mimi nimekaa mbele. Gari imejaa watu wanaorudi nyumbani. Kazi yangu aliyonipa ni kuangalia mshale. Ukapanda, ukakaribia 100, nikasema, "Bamdogo, inapanda." Akapunguza. Kona mbili mbele mshale ukaanza kushuka wenyewe. Nikafurahi. Nikasema, "Imepoa."

Akakanyaga. Hatukufika Kikweni. Ulikuja mlio wa chuma kwa chuma, halafu kimya, halafu abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja na mabegi yao.

Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka. Maji yalikwisha, kirisasi kikabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale ukashuka wakati injini inaungua. Baba mdogo hakunilaumu hata siku moja. Babu aliuliza swali moja tu: "Ulishuka haraka au polepole?" Nikamwambia haraka. Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Gari iliuzwa vipande vipande, na ada yangu ya muhula uliofuata ilitoka kwenye gia boksi yake.

Siku hizi mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo. Dereva akizidisha kinapiga kelele na taarifa zinakwenda kwa wakubwa. Ni geji ya kuongeza nayo, ila haikufungwa kwa ajili ya dereva, inamsoma yeye. Sipingi, mimi ni abiria. Ila hakuna kifaa cha serikali kinachouliza kama rejeta ina maji.

Jana usiku umeme ulikuwepo, nikachemsha maji kwenye jagi la roomu, nikatumbukiza kirisasi. Mshale ukapanda taratibu, 60, 80, ukasimama hapo karibu na 100. Nikakitoa hewani. Ukashuka haraka, vilevile kama siku ile.