Chakula cha Kulikiza, Maji na Magadi katika Eneo la Mlima Meru

Mjadala wa kitaalamu kuhusu chakula cha kulikiza umetawaliwa na suala la mzio, hasa tangu utafiti wa London wa mwaka 2015 ulipoonyesha kwamba karanga, zikianzishwa mapema, huwakinga watoto walio hatarini. Makumira na vijiji jirani vya Meru vina historia nyingine: hapa hatari kubwa ilikuwa katika maji. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano hubeba floraidi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Magadi, yanayotumika kulainisha maharage na makande, huiongeza. Hivyo uji uliomshibisha mtoto uliharibu pia meno ya kudumu yaliyokuwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Rangi ya kahawia ilionekana miaka kadhaa baadaye, yalipoota. Ni vigumu kumlaumu mama kwa kutouhusisha uji na kasoro hiyo. Serikali, kwa uhaba wa vyanzo mbadala, iliruhusu miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini tangu 1974, ilhali Shirika la Afya Duniani hupendekeza zisizidi 1.5. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilishughulikia uchujaji wa maji kwa makaa ya mifupa, njia isiyogusa magadi yanayotiwa chunguni.